Inbox ama Takataka

Katibu hakujua kusalimia. Ulimwambia "habari ya asubuhi," akakujibu, "Jana tatu zimerudi." Ulimuuliza ameamkaje, akakuambia barua za Amerika zimeingia vizuri ila za Uingereza zimekwama mlangoni. Miaka yote tuliyokaa chumba kimoja mjini, katika jengo la nyuma ya Tom Mboya Street, sidhani kama niliwahi kupata "njema" moja iliyonyooka kutoka kwa yule mama.

Tulimwita Katibu kwa sababu ndicho alichokuwa: katibu wa chama cha kina mama waliokuwa na watoto ng'ambo. Chama kilikuwa na jina rasmi, refu, lenye umoja na maendeleo ndani yake, lakini watu wa jengo waliwaita Mama Majuu, nao wakalipenda jina hilo hata wakalichapisha kwenye leso. Wengi walitoka Kabiria, Waithaka na Kawangware. Wachache kati yao walijua kuandika barua ndefu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusikia neno password. Kila Ijumaa walikuja mjini, wakaketi kwenye benchi upande wa Katibu, wakamwambia mmoja mmoja la kumwandikia mtoto. Upande wa pili nilikuwa mimi, na mashine yangu ya photocopy na kazi za kuchapa barua za watu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa plywood ambao haukuzuia kitu. Kwa hivyo nikisema nilimjua, nilimjua kwanza kwa masikio.

Chini ya meza yake lilikaa sanduku la kijivu lililovuma kutwa. Hiyo ndiyo ilikuwa seva yake, kompyuta ya kutuma na kupokea email. Watu wengine wote mjini walitumia email za bure za kampuni za Amerika. Katibu alikataa. Kina mama walikuwa wamezijaribu, wakakaa miezi bila kuzifungua, akaunti zikafutwa, na barua zote za watoto zikaenda nazo. Alikuwa amestaafu wizarani, kwenye ofisi iliyoangalia kompyuta, basi akatafuta seva iliyotupwa na shirika moja lililokuwa likihama, akajisomea, akampa kila mama anwani yenye jina lake mwenyewe. "Barua ya mama itoke kwa nyumba ya mama," alisema. "Si kwa nyumba ya kupanga."

Shida ni kwamba ukijenga nyumba yako peke yako, hakuna jirani anayekujua. Barua zilitoka, lakini zikifika kule zile kampuni kubwa zilizitupa kwenye spam, folda ya takataka ambayo kijana hafungui hata akiwa na njaa. Mama anaandika, mtoto haoni. Mtoto anadhani mama amenyamaza. Mama anadhani amesahauliwa, anakuja kulia karibu na mashine yangu, karatasi zinalowa.

Aliyelia zaidi alikuwa Mama Kioko wa Kabiria, mjane, na Kioko ndiye mtoto wake wa pekee. Kijana alikwenda Kanada kusoma uhandisi. Mwaka wa kwanza aliandika mpaka tukachoka kusomewa. Kisha kimya. Si barua, si simu. Mama yake aliendelea kuja kila Ijumaa na mtandio uleule wa kijani, akasema maneno yake, akangoja wiki nzima, akarudi kuuliza, "Bado?"

"Bado, Mama."

"Amenisahau, Katibu. Sema tu ukweli."

"Hajakusahau. Barua zako zinatupwa na mashine za wazungu. Nipe muda. Nitazifikisha, hata nikibaki na hiyo kazi peke yake duniani."

Alisema hivyo mbele ya benchi zima. Kuanzia siku hiyo, kila alichofanya na lile sanduku kilikuwa kwa sababu ya Kioko, hata kama hakumtaja.

Alikuwa na tabia iliyonikera kuliko zote. Akishatuma email, anapiga simu kuuliza kama imefika. Sasa si ungepiga simu tu useme hayo maneno? Nilimwambia hivyo mara nyingi. Hakunisikiliza. Alimpigia karani wa ghorofa ya pili, aliwapigia watu wa kanisa lake, alimpigia hata mwenye jengo, mzee wa Kihindi aliyeuza vifaa vya ujenzi pale chini na ambaye ndugu zake wote walikuwa wamehamia Uingereza.

"Umeiona?"

"Nimeona, mama."

"Iko wapi? Inbox ama takataka?"

"Takataka, mama. Lakini mimi natoa, naweka inbox."

"Asante sana. Sasa nijibu. Andika hata 'sawa' peke yake."

Hilo la kujibu alilishikilia kama dini. Alisema zile mashine zinatazama: mtu akikuandikia na wewe ukamjibu, zinajua mnafahamiana, na siku nyingine zinampisha. Ukinyamaza, zinamwona ni mpiga kelele tu. Basi akatuma ujumbe kwa vijana wote wa ng'ambo kwa kila njia aliyoijua, kupitia binamu, kupitia wachungaji, kupitia msichana yeyote aliyekuja likizo: fungueni takataka, mtoeni mama yenu humo, mjibuni hata neno moja. Wengine walijibu neno moja kwelikweli. Kuna mama mmoja wa Waithaka aliyepata "Sawa" kutoka kwa binti yake, tukamchapia kwa herufi kubwa akaenda nayo nyumbani.

Siku nilipomuuliza kwa nini yote hayo, kwa nini mashine zitushuku sisi na zisimshuku mtu mwingine, alinieleza kwa namna ambayo hata mimi niliielewa. "Ukienda ofisi ya serikali useme unatoka Waithaka, si watakuuliza barua ya chifu? Chifu akisema hakujui, wewe ni nani? Wewe ni mwizi. Sasa chifu wetu kwa mtandao ni hiyo kampuni inatuuzia intaneti. Sisi tunasema, hodi, sisi ni Mama Majuu. Wale wazungu wanamuuliza chifu, unajua hawa? Chifu anasema, hapana, hapa naona namba tu. Hata ungekuwa wewe, ungefungua mlango?"

Nikasema nisingefungua.

"Basi."

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo: kampuni iandike jina la seva ya Katibu kando ya namba yake ya mtandaoni, ili ikiulizwa ijibu. Alipiga simu, wakasema watashughulikia. Akaandika, wakasema wameipokea. Mwishowe akabeba chakula chake kwenye hotpot akaenda ofisini kwao Westlands, akakaa pale mapokezi. Walipomwambia mhusika hayuko, akasema hana haraka, akafungua kitabu cha nyimbo za kanisa akaanza kuimba. Sauti ya chini, ya heshima, lakini ubeti baada ya ubeti, na wateja wanaingia na kutoka. Alipofika kwenye nyimbo za mazishi meneja akashuka mwenyewe. Jina liliandikwa siku hiyohiyo, na Katibu akarudi mjini amenuna kwa sababu hakumaliza wimbo.

Tukafikiri mambo yamekwisha. Wapi! Mwezi uleule barua zikaanza kurudi zote, si kuingia takataka tu, kurudi kabisa. Kumbe mteja mwingine wa kampuni ileile, cyber fulani yenye kompyuta zilizojaa virusi, alikuwa anamwaga matangazo ya dawa za nguvu za kiume dunia nzima, na watu fulani wa Ulaya wanaoweka orodha ya wakorofi wa mtandao walikuwa wamefungia mtaa mzima, namba yake na za majirani. Mama Majuu wakawa kwenye orodha moja na wauza dawa. Haiya! Wamama wa kanisa! Katibu alipolisoma alisema maneno ambayo sitayaandika, yeye aliyekuwa kiongozi wa maombi ya Jumatano.

Kwenye tovuti ya wale watu palikuwa na mahali pa kujieleza: wewe ni nani, na kwa nini uondolewe. Mtu mwingine angeandika habari za seva. Katibu alikwenda Waithaka akachukua barua ya chifu. Barua halisi, yenye muhuri: kwamba mama huyu anajulikana katika lokesheni hii, ni mtu wa tabia njema, hana rekodi yoyote ya uhalifu, asaidiwe popote atakapofika. Akaongeza na ya mchungaji. Akaniletea nizipitishe kwenye skana, akasimama kando yangu kuhakikisha muhuri unaonekana.

"Katibu," nikamwambia, "wale watu wako Ulaya. Chifu wa Waithaka watamjulia wapi?"

"Si wameuliza mimi ni nani? Nawaambia."

Ikarudi: hawapokei viambatisho. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Alikaa akaichapa barua ya chifu yote neno kwa neno, kwa Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza chini, na mahali pa muhuri akaandika, "Hapa kuna muhuri." Akatuma.

Na wallahi, alijibiwa na mtu. Si mashine, mtu. Alisema hawajawahi kupokea barua ya chifu, na kwamba hawana shaka na tabia yake, ila tatizo ni yule jirani, basi kampuni imwondoe jirani kisha wao watamwondoa yeye. Katibu akarudi Westlands na kitabu chake cha nyimbo. Safari hii hakufika hata kiitikio. Baada ya siku chache tukatoka kwenye orodha, na kwa kuwa yule mzungu alikuwa amemalizia kwa kusema chifu asalimiwe, Katibu alipanda matatu kwenda kumpelekea chifu salamu zake.

Lililobaki lilikuwa maneno yenyewe. Hapa ndipo alipogombana na kina mama. Wao waliamini barua ya maana ni ya Kiingereza na ianze kwa uzito: mpendwa katika Bwana, nakuandikia na machozi, kuhusu shamba la marehemu baba yako, na wakili anasema, na jibu haraka sana. Herufi kubwa kila mahali. Jameni, ukiisoma bila kumjua aliyeandika, ungeapa ni wale matapeli wanaojifanya wajane wa majenerali. Mashine nazo ziliapa hivyo hivyo.

"Toa marehemu hapo mwanzo," Katibu alimwambia Mama Kioko. "Toa wakili. Toa haraka sana."

"Sasa nibaki na nini?"

"Una kuku?"

"Ninao."

"Anza na kuku. Na andika Kikamba chako. Hiyo mashine haijui Kikamba, itanyamaza."

Mama Kioko alichukia, lakini akaanza na kuku. Akasema kuna mmoja mwekundu anayelala juu ya mashine ya kushona, na ukimfukuza anakutazama kama mwenye nyumba. Akasema ua limeanguka upande wa kwa jirani na jirani anajifanya haoni. Benchi zima likacheka. Kutoka siku hiyo barua za Ijumaa zikawa nzuri, hata mimi niliacha kazi nisikilize. Ila mwishoni Mama Kioko hakuacha kuongeza sentensi yake moja: mwanangu, niambie siku ya graduation nianze kutafuta pasipoti.

Sisemi Katibu alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi kama cha mpishi wa harusi. Wakili wa ghorofa ya tatu alisema mara moja kwa utani kwamba email ya Mama Majuu ameiokota kwenye spam, na Katibu akamfuata ngazi zote mpaka barabarani akitaka kujua saa ngapi na kwa nini. Alidai barua ziwe nadhifu ilhali meza yake ilikuwa na maganda ya ndizi ya juzi. Na alikuwa katibu wa Mama Majuu huku yeye mwenyewe hana mtoto majuu. Binti yake alikuwa Athi River, akampigia kila Jumapili, wakagombana kila Jumapili. Nilimuuliza siku moja alifanya yote hayo kwa ajili ya nani. Akaniambia nichape barua za wateja wangu.

Kisha ikaja Ijumaa moja mambo yakafunguka. Benchi lilikuwa limejaa. Mama wa kwanza alikuwa na jibu, wa pili jibu, wa tatu jibu na picha ya mjukuu. Kelele zilizopigwa mle ndani! Mwenye jengo alipanda akidhani kuna moto. Katibu alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, akisema, "Inbox! Zote inbox!" Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Mama Kioko alikuwa mwisho wa benchi. "Na mimi?"

"Wako anachelewa kidogo, Mama. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata hakuna. Wala iliyofuata hiyo. Katibu akamwandikia Kioko yeye mwenyewe, mstari mmoja: nijibu hata 'sawa' nijue kama zinafika. Kijana hakuandika. Alipiga simu ya ofisi, mchana, mimi nikiwa nabadilisha wino, na nikausikia upande mmoja kupitia plywood.

"Kioko? Kioko wa Mama Kioko? Ai, mwanangu... Sasa zinafika?... Zote?... Tangu lini?... Kwa inbox."

Kisha akasikiliza.

"Hapana, sitamwambia. Lakini Kioko... Kioko?"

Nilipozunguka ukuta alikuwa bado ameshika mkono wa simu. Akanieleza. Kijana alikuwa ameacha chuo mwaka wa pili, karatasi za kukaa zikamwishia, anaosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kwa kujificha. Barua za mama yake alizipata zote, hata zile za mwanzo alikuwa anaziokota takataka. Anazisoma mpaka kwenye kuku vizuri, kisha anafika kwenye graduation na vidole vinakataa.

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwambia amwambie yule mama siku hiyohiyo. Kijana mzima, anasoma barua za mama yake halafu ananyamaza? Mwambie alie mara moja yaishe.

"Seva mbovu ataivumilia," Katibu akasema. "Hiyo nyingine hataiweza."

Ijumaa Mama Kioko akaja na mtandio wake wa kijani. "Wenzangu wote wanajibiwa, Katibu. Kwa nini mimi tu?"

Na Katibu, yule aliyemfukuza wakili barabarani, akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "Ni kosa langu, Mama. Anwani yako niliiweka vibaya. Yako inaingia spam bado, nimejaribu imekataa."

Alisema hivyo Ijumaa hiyo na Ijumaa nyingi baada yake. Kina mama wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema labda ni umri. Wawili wakahamia email za bure, wakamwomba asichukie. Nilikuwa nakaa upande wangu nikijaza karatasi kwenye mashine kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, kwa sababu nilitaka kuupiga ule ukuta teke niwaambie wote. Sikuwa na ruhusa. Nilimpenda yule mama, na nilimwonea uchungu.

Miaka ya mwisho ya kukaa kwetu pale simu zikawa rahisi, kila mama akapata yake, chama kikabaki cha kuzikana na kuoana. Katibu akafunga upande wake, akaenda kukaa kwake Waithaka. Nilikaa muda mrefu sijamwona. Jumapili moja nikaamua kumtembelea, nikanunua mkate na sukari, nikaingia bila taarifa. Sebuleni nikamkuta na wageni wawili: Mama Kioko, na mwanamume mnene kidogo, mwenye upara unaoanza, aliyesimama haraka kunipa mkono.

"Huyu ndiye Kioko!" Mama yake akapiga kofi. "Amekuja! Amerudi kabisa!"

Alikuwa amerudishwa na serikali ya kule, nikajua baadaye. Lakini siku hiyo hilo halikutajwa. Mama alikuwa anamshika mkono wa shati kama mtoto anayevuka barabara, akinisimulia jinsi alivyosikia hodi, jinsi kijana alivyoanza kulia mlangoni akitaka kuomba msamaha, na yeye akamkatiza. "Nilimwambia nyamaza, najua yote! Barua hazikuwa zinafika. Ilikuwa mashine ya Katibu. Wewe ungejuaje, na mimi ningejuaje?" Akamgeukia. "Si ndiyo, Kioko? Mwambie Katibu vile mashine yake ilitutesa."

Kioko akamtazama Katibu. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nikafungua mdomo, na Katibu akanikanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga hasa.

"Hazikufika, Auntie," Kioko akasema. "Hata moja."

"Pole, mwanangu," Katibu akajibu. "Nilijaribu. Ile seva sikuijulia."

Kioko akainamisha kichwa akasema asante, kwa sauti ndogo sana, na mama yake akadhani anashukuru kwa chai. Mama Kioko akanyoosha mkono akampapasa Katibu goti, kwa huruma, kama unavyomfariji mtu aliyeshindwa mtihani.

"Usiumie, Katibu. Hii kazi ya kompyuta si ya kila mtu."

Katibu akasema ni kweli, akamwongezea chai.